Akiba na Rudufu: Maelezo Juu ya Kuhifadhi Barua Pepe Katika Mtandao Wenye Vidhibiti Vingi vya Kikoa

Neno nakala limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili cha ofisi. Barua ikipigwa chapa mara mbili, ile ya pili huitwa nakala. Kitabu kikichapwa mara elfu, kila kimoja ni nakala. Na siku hizi mafundi wa kompyuta wakisema kwamba barua pepe za ofisi zina nakala, huenda wakawa na maana mojawapo katika mbili zilizo mbalimbali kabisa. Maana ya kwanza ni kwamba zipo mashine mbili au zaidi zinazofanana wakati wote, hata moja ikizimika nyingine hushika kazi yake. Maana ya pili ni kwamba ipo hali ya jana, au ya juma lililopita, iliyowekwa kando mahali isipoguswa, ambayo yaweza kurudishwa iwapo hali ya leo imeharibika. Madhumuni ya makala haya ni kueleza tofauti ya mambo hayo mawili, kuonyesha namna programu ya kuweka akiba ya seva ya barua pepe inavyopasa kupangwa katika mtandao wenye vidhibiti vingi vya kikoa, na kutoa hoja kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenganisha, mradi yatumiwe kwa uangalifu.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mkuu wa shule, mganga mkuu wa hospitali au katibu wa ofisi huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, na hutia sahihi yake juu ya jibu alilopewa. Jibu likiwa na neno lenye maana mbili, hasara haionekani siku ile. Huonekana siku barua zinapotafutwa na kukosekana.

MANENO MATATU

Nakala limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali pengine, na kwa hiyo kunakili maandishi. Neno hili halisemi lolote juu ya wakati. Nakala yaweza kuwa ya leo au ya miaka kumi iliyopita. Yaweza kukaa juu ya meza moja na asili yake, au kuwa ng'ambo ya bahari.

Rudufu huhusishwa na mzizi mwingine wa Kiarabu, ambao katika lugha ile hutaja mtu apandaye nyuma ya mwenziwe juu ya mnyama mmoja. Mpandaji wa pili huenda aendako wa kwanza, na mnyama akijikwaa wote wawili huanguka. Akiba nalo huhusishwa na mzizi wenye maana ya kufuata baadaye. Na katika Kiswahili ni kile kilichoondolewa katika matumizi ya leo kwa ajili ya haja ya kesho. Mkulima atengaye mbegu za msimu ujao hazichanganyi na nafaka ya kula iliyomo kihengeni, kwa maana ajua kwamba kila mkono uingiao kihengeni waweza kuzigusa.

Katika maelezo yafuatayo, basi, urudufishaji ni kazi ya kuzifanya mashine mbili au zaidi zifanane wakati wote. Na akiba ni hali ya wakati fulani uliopita, iliyotengwa, isiyofuata mabadiliko yanayotokea baada yake.

KIKOA NA VIDHIBITI VYAKE

Neno la nne lahitaji maelezo yake lenyewe. Katika matumizi ya asili, kula kikoa ni desturi ya watu kadha kushirikiana chakula, leo kikitolewa na huyu, kesho na yule, kwa zamu. Wataalamu wa istilahi walilichukua neno hilo kutaja jamii ya watumiaji na mashine zilizo chini ya utawala mmoja wa mtandao. Kidhibiti cha kikoa ni seva inayotunza saraka ya jamii hiyo: majina ya watumiaji, maneno yao ya siri, makundi yao na haki zao. Mtumishi afunguapo kompyuta yake asubuhi, kidhibiti ndicho kinachothibitisha kwamba yeye ndiye.

Katika mfumo wa Windows NT wa miaka ya 1990, kila kikoa kilikuwa na kidhibiti kikuu kimoja tu kilichoruhusiwa kuandika katika saraka. Vingine vilikuwa vya kusoma tu, na kwa Kiingereza viliitwa kwa jina lenye maana ya vidhibiti vya akiba. Jina hilo halikuwa sawa na kazi yake, kwa kuwa vidhibiti hivyo havikuweka hali ya jana. Vilifuata tu kila kilichoandikwa katika kile kikuu. Yaonekana, basi, kwamba utata huu haukuanza katika Kiswahili.

Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 2000 pamoja na saraka iitwayo Active Directory, na tangu hapo mfano wa kikoa cha kale ukawa sawa zaidi. Karibu kila kidhibiti chaweza kuandika, na alichoandika mmoja huletwa mbele ya wenziwe wote. Zimebaki kazi tano tu ambazo kila moja hukabidhiwa kidhibiti kimoja: mbili kwa msitu mzima wa vikoa, na tatu kwa kila kikoa. Mambo mengine yote ni ya ushirika.

Na ichukuliwe, kwa kufafanua tu, taasisi ya kubuni yenye makao yake Mwanza, na matawi Bariadi na Mkula. Mkula ni kata ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu. Taasisi hiyo ina vidhibiti viwili Mwanza, kimoja Bariadi na kimoja Mkula, na seva yake ya barua pepe iko Mwanza. Kidhibiti cha Mkula kimewekwa ili watumishi wa huko wapate kufungua kompyuta zao hata njia ya mawasiliano ikikatika. Mpango huo ni wa busara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika sana Tanzania na nchi za jirani. Na tawi linalotegemea seva iliyo ng'ambo kwa kila jambo husimama siku kama ile.

Mabadiliko husafiri baina ya vidhibiti hivyo kwa ratiba. Vilivyo mahali pamoja hupashana habari baada ya sekunde 15 hivi. Vilivyo mahali mbalimbali, kama Mwanza na Mkula, hungoja dakika 180 ikiwa mpangaji hakubadili ratiba iliyokuja na programu. Naye aweza kuipunguza hata dakika 15.

Sasa na ichukuliwe kwamba saa sita mchana karani wa mitambo, akikusudia kufuta kundi moja lisilotumika, amefuta kwa bahati mbaya kundi lenye watumishi wote wa Mkula. Baada ya sekunde chache kidhibiti cha pili cha Mwanza kimefuta. Kabla ya jioni cha Bariadi kimefuta, na cha Mkula chenyewe kimewafuta watu wa Mkula. Mtu akivikagua vidhibiti vyote vinne atakuta vinakubaliana katika kila jambo. Hakuna taa nyekundu wala onyo lolote. Mtandao wote una afya njema, na watumishi wa Mkula hawamo ndani yake. Hiyo ndiyo kazi ya rudufu: hutii. Vidhibiti vinne ni kinga dhidi ya kifo cha mashine, wala si kinga dhidi ya amri mbaya iliyotolewa kwa njia halali.

BARUA PEPE HUITEGEMEA SARAKA

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lahusu nini barua pepe, ambazo zimo katika seva nyingine? Jibu ni kwamba tangu Exchange 2000 seva ya barua pepe ya Microsoft haina saraka yake yenyewe. Barua zimo katika hifadhidata yake. Lakini habari za nani mwenye sanduku lipi, anwani zake ni zipi, na seva yenyewe imepangwa vipi, zimo katika Active Directory. Mtumishi akifutwa katika saraka, sanduku lake hubaki ndani ya hifadhidata bila mwenyewe, na kwa mpango wa kawaida husafishwa baada ya siku 30. Kwa hiyo programu inayoweka akiba ya hifadhidata peke yake huhifadhi barua bila wenye barua. Na inayoweka akiba ya saraka peke yake huhifadhi wenye barua bila barua. Akiba ya kweli ni ya vyote viwili, na yafaa ichukuliwe usiku mmoja, ili habari za upande huu zisipingane na za upande ule.

KUPANGA AKIBA

Kwanza, upande wa vidhibiti. Kinachohitajiwa ni ile hali ya mfumo, ambamo mna saraka, orodha ya mipangilio na folda ya kanuni za kikoa. Akiba hiyo ni ya kidhibiti kile kile kilichotoa, wala haifai kuvikwa mashine nyingine kama kanzu ya kuazima. Kwa sababu hiyo akiba ya kidhibiti kimoja haitoshi: vichaguliwe angalau viwili katika kila kikoa, na kimojawapo kiwe chenye zile kazi za pekee.

Pili, njia ya kuchukua akiba. Wapo wanaopiga picha ya diski nzima ya kidhibiti na kuirudisha siku ya shida. Njia hiyo ina hatari iliyofichika. Kila kidhibiti hupa kila badiliko namba ya mfuatano, na wenziwe hukumbuka namba ya mwisho waliyoipokea kwake. Kidhibiti kikirudishwa kwa picha ya kale, huanza tena kutoa namba ambazo wenziwe wamekwisha kuzisikia. Nao huzipuuza, wakidhani ni habari za zamani. Hapo rudufu hutengana kimyakimya. Tangu Windows Server 2012, mashine pepe zinazokaa juu ya mfumo unaozijulisha kwamba zimerudishwa nyuma hukingwa na kosa hilo. Walakini njia salama ni kutumia programu inayoijua Active Directory na kuijulisha kwamba imerejeshwa.

Tatu, upande wa barua. Hifadhidata ya Exchange haiandikwi moja kwa moja. Kila badiliko hutangulia kuandikwa katika daftari la mabadiliko, ambalo tangu toleo la 2007 hukatwa katika mafaili ya megabaiti 1 kila moja, ndipo huingizwa katika hifadhidata. Anayenakili faili la hifadhidata likiwa kazini hupata kitu kisichoaminika. Programu ifaayo hupitia huduma ya Windows iitwayo Volume Shadow Copy, ambayo huisimamisha hifadhidata kitambo kidogo, huchukua sura yake, na kuiachia iendelee. Akiba kamili ikikamilika, Exchange huyafuta madaftari yasiyohitajiwa tena. Kwa hiyo, akiba ikishindwa usiku baada ya usiku bila mtu kutazama, madaftari hujaa, diski hukosa nafasi, na hifadhidata hujifunga. Mara nyingi watumishi husema seva imeharibika, kumbe ni akiba iliyokoma mwezi mzima nyuma.

Makosa mawili huonekana katika sehemu hii. La kwanza ni kuziachia programu mbili za akiba zifanye kazi juu ya hifadhidata moja. Kila moja hufuta madaftari ambayo ya pili iliyategemea, na mwisho hakuna iliyo na mfululizo mzima. La pili ni kuruhusu madaftari yaandikwe juu ya yale ya zamani kwa mzunguko ili kuokoa nafasi. Afanyaye hivyo aweza kurudi mpaka saa ya akiba ya mwisho tu, na barua zote zilizoingia baada ya saa hiyo zimepotea.

Nne, umri wa akiba. Kitu kinachofutwa katika Active Directory hakiondoki papo hapo. Huachiwa alama, ambayo wataalamu huiita jiwe la kaburi, ili kila kidhibiti kipate habari ya kifo chake. Misitu ya vikoa iliyoanzishwa katika matoleo ya kwanza hulitunza jiwe hilo siku 60; iliyoanzishwa tangu nyongeza ya kwanza ya Windows Server 2003 hulitunza siku 180. Akiba iliyopita umri huo haifai kurejeshwa, kwani ingewafufua wafu ambao wengine wamekwisha kuwasahau. Kwa saraka, basi, msemo kwamba akiba haiozi hauna ukweli: huoza, na siku yake yajulikana.

Tano, mahali pa akiba. Seva ya akiba isiwe mwanachama wa kikoa inachokilinda, na akaunti ya kuifungulia isiwe katika saraka ile ile. La sivyo adui aliyeshika ufunguo wa kikoa ameshika ufunguo wa ghala. Sehemu moja ya akiba itolewe kabisa katika mtandao, kwa utepe au diski iliyochomolewa, na ipelekwe mahali pengine. Katika mfano uliotajwa, akiba ya Mwanza yaweza kulazwa Bariadi. Neno la siri la kufungulia kidhibiti katika hali ya kurejesha saraka, ambalo si sawa na neno la msimamizi wa kila siku, liandikwe katika karatasi na kufungiwa kasha, kwa maana siku litakapohitajiwa hakuna kompyuta itakayokuwa tayari kulitaja.

KUREJESHA

Urejeshaji una mpango wake, na atakayeupindua atapoteza muda. Ikiwa vidhibiti vingine vi hai na kimoja kimekufa, kwa kawaida hapana haja ya akiba: hujengwa kipya, na wenziwe humjulisha yote. Ikiwa vi hai lakini vimetii amri mbaya, kama katika habari ya Mkula, kurejesha kwa kawaida hakusaidii. Kidhibiti kilichorudishwa kitawakumbuka watumishi kwa dakika chache; kisha wenziwe watamwambia kwamba watu hao wamefutwa, naye atafuta tena. Hapo yatakiwa urejeshaji wenye mamlaka, ambao huipandisha namba ya toleo ya vitu vilivyorudishwa hata ikapita namba zote zilizopo, ili neno la jana lishinde neno la leo. Tangu Windows Server 2008 R2 kuna pia kapu la vitu vilivyofutwa, ambalo hurahisisha kazi hiyo; lakini ni lazima liwe limewashwa kabla ya msiba.

Ikiwa vyote vimeangamia, kidhibiti kimoja hurejeshwa kwanza pamoja na huduma ya majina, na vingine hujengwa kutokana nacho. Ndipo seva ya barua pepe husimikwa upya kwa jina lake la zamani. Programu ya kusimika Exchange inayo njia maalumu ya kusoma mipangilio ya kale kutoka katika saraka. Mwisho hurudishwa hifadhidata, na madaftari husomwa tena hadi la mwisho. Ni wazi kwamba pasipo saraka hatua ya pili haianzi.

Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya. Kampuni hiyo ilikuwa na vidhibiti vya kikoa 150 hivi duniani kote, kila kimoja kikiwa rudufu ya vingine, na wapangaji walihesabu kwamba kila kimoja chaweza kuwa akiba ya wote. Hawakuhesabu siku ambayo vyote vingefutwa pamoja. Kilisalimika kimoja tu, huko Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na kukiacha nje ya mtandao. Diski yake ilibidi ibebwe kwa mkono hadi Nigeria, ikapokewa na mtu mwingine na kupelekwa Uingereza, na saraka ya kampuni nzima ikajengwa kutokana nayo. Kampuni ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 200 na 300. Kilichoiokoa ni kwamba kidhibiti kimoja kilikuwa kimeacha kufuata wenziwe. Yaani kwa bahati, rudufu iligeuka kuwa akiba.

DHAMANA YA BARUA

Katika Tanzania barua pepe ya ofisi si mazungumzo ya kupita. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Habari za Mkula zenyewe zaonyesha haja hiyo. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza. Atafutaye leo uthibitisho wa kazi yake au wa kiwanja chake wa kabla ya mwaka huo ahitaji barua kama ilivyokuwa, yenye majina ya utawala wa wakati ule. Rudufu ya leo haiwezi kumpa, kwa kuwa imekwisha kubadilika pamoja na leo. Kadhalika teknolojia hubadilika: matoleo ya Exchange ya 2016 na 2019 yalikoma kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu Desemba 2012 programu huria ya Samba 4 yaweza kuwa kidhibiti cha kikoa bila gharama ya leseni. Mashine na majina ya programu hupita, lakini tofauti iliyoelezwa hapa hubaki ile ile katika zote.

Yafaa, basi, watungaji wa istilahi na walimu wa somo la kompyuta waziweke maana hizi mbali: urudufishaji kwa mashine zinazofuatana, akiba kwa hali iliyotengwa, na nakala liachiwe maana yake pana ya kila siku. Usemi nakala rudufu, unaotumiwa na wengi kwa maana ya akiba, huchanganya kile hasa kinachohitaji kutengwa. Na kiongozi wa ofisi asiyejua lolote juu ya vidhibiti aweza kuilinda ofisi yake kwa kuacha kuuliza kama nakala zipo, akauliza badala yake mambo matatu: akiba ya mwisho ni ya tarehe gani, iko mahali gani nje ya kikoa, na ni lini ilirejeshwa kwa majaribio hata barua ikasomwa. Fundi mwenye akiba atayajibu yote matatu kwa tarehe na mahali. Fundi mwenye rudufu peke yake atajibu kwamba seva zote zinafanya kazi, na jibu hilo, ingawa ni kweli, si jibu la swali aliloulizwa.